Wanangu mnaorusha besiboli, hesabuni mirusho

Wanangu wa Lugazi, Dar es Salaam na kwingineko mnaotamani kurusha Marekani kwa mshahara,

Swali lenu kubwa ni namna ya kuongeza kasi. Nawasihi mjifunze kwanza kuhesabu.

Kila unaporusha mpira, ligamenti ya upande wa ndani wa kiwiko, yaani ukanda unaounganisha mifupa, huvutwa kwa nguvu. Misuli ndiyo huisaidia kubeba mzigo huo. Misuli ikichoka, ligamenti hubaki peke yake, nayo huchakaa kidogo kidogo kabla hujasikia maumivu yoyote. Kwa hiyo mirusho ya mwisho, ile unayojikaza, ndiyo ninayoiogopa zaidi.

Wenye miaka 15 na 16, msizidishe mirusho 95 kwa siku. Ukirusha 31 hadi 45, pumzika siku 1. 46 hadi 60, siku 2. 61 hadi 75, siku 3. Kuanzia 76, siku 4. Daftari alishike mwenzenu aliye nje ya uwanja, maana mrushaji hupotea hesabu katikati ya mchezo. Na ukitolewa usiende kudaka nyuma ya mpigaji, kwa kuwa mdakaji naye hurusha mpira kuurudisha kila mara. Kwa mwaka, mkono upate miezi 4 bila kurusha mechi.

Mipira ikianza kupaa, au kiwiko kikishuka chini ya bega, umechoka. Mwambie kocha papo hapo.

Kasi yenyewe huanzia miguuni na kwenye nyonga. Kabla ya mpira wa kupinda, jifunzeni mpira wa polepole: uzamishe kiganjani, ushike kwa vidole vitatu juu, kisha mkono uende kwa kasi ileile. Mpigaji huona mkono wa kasi, hupiga mapema kabla mpira haujafika.

Tommy John, mrushaji wa timu ya Los Angeles Dodgers ya Marekani, aliumia ligamenti hiyo ya kiwiko mwaka 1974, akiwa na miaka 31. Dk. Frank Jobe alichukua kano ya mkono wa kulia akaipandikiza kwenye kiwiko cha kushoto, cha mkono aliorushia, ichukue nafasi ya ligamenti. Msimu mzima wa 1975 hakucheza. Alirudi 1976, akarusha hadi 1989, na kati ya ushindi wake 288, 164 ulikuja baada ya upasuaji. Hakutegemea kasi, mpira wake ulizama ukifika kwa mpigaji. Asiwadanganye mtu kwamba upasuaji huo huongeza nguvu.

Jumamosi, kabla ya kupasha mwili, mpeni mtu daftari na kalamu.

Mzee wenu