YAH: MALALAMIKO KUHUSU RUTA YENU KUTUPELEKA KWENYE TOVUTI BANDIA

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mteja wenu wa intaneti ya nyumbani, Tabata Segerea. Nimepiga simu kwenu mara tatu, na mara zote nimeambiwa "zima, subiri, washa". Mara ya mwisho nikaongezewa kwamba simu yangu ina virusi.

Nikifungua tovuti ya benki kwa WiFi ya nyumbani, kivinjari kinanionya kuwa cheti, yaani kitambulisho cha tovuti, si cha benki. Mke wangu alipuuza onyo, akaendelea. Ukaja ukurasa wenye nembo ileile, ila unadai namba ya siri ya kadi kabla hata hujaandika jina. Bahati nzuri alishtuka.

Sasa ni virusi gani hivyo, vinavyoingia simu mbili na laptop siku moja, halafu vinapona tukizima WiFi na kutumia bando? Simu ileile, tovuti ileile. Kwa bando inafunguka vizuri.

Nikaingia kwenye mipangilio ya ruta kupitia anwani yake, 192.168.1.1. Kwenye DNS, yaani ile huduma inayoiambia kompyuta jina la tovuti lina anwani gani, nikakuta namba mbili ambazo hazimo kwenye karatasi mliyonipa siku mliponifungia ruta. Nilipoiwekea laptop 8.8.8.8, DNS ya Google, benki ikafunguka bila onyo. Nikairudisha ruta hali ya kiwandani kwa ncha ya sindano. Ikatulia siku mbili, namba zilezile zikarudi.

Anayeingia hata hajisumbui. Fundi wenu aliacha jina na nywila vyote "admin", akaviandika kwa maka pen chini ya ruta; ya jirani yangu wa chini imeandikwa hivyohivyo, kwa mwandiko uleule. Tena ruhusa ya kuiendesha ruta kutoka nje, kupitia intaneti, iko wazi, na kila nikiirudisha kiwandani inafunguka upya. Nywila nimebadilisha. Hiyo ruhusa siwezi kuifunga, eti ni ya fundi tu.

Nataka ruta nyingine yenye programu mpya na nywila yake peke yake, na hiyo ruhusa ya nje ifungwe. Mniandikie pia kama namba hizo mbili ni zenu. Kama si zenu, kuna mtu anaingilia vifaa vyenu, kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, na wateja wengine mtaani hawajui. Jirani yangu nimemwambia mimi.

Nawapa siku saba, kisha nitapeleka barua hii na picha nilizoambatanisha kwa TCRA, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Nipo nyumbani kuanzia saa kumi jioni. Fundi akishuka kituoni anipigie nimfuate, maana kichochoro chetu hakina jina.

Mteja wenu,
Segerea.