Barua ya wazi kwa Mheshimiwa: Zimeni ule moto wa jaa

Mheshimiwa, salaam aleikum.

Nakuandikia ni saa tisa za usiku na sijalala, mwanangu ndo amepata usingizi sasa hivi baada ya kukohoa tangu magharibi. Jina lako silitaji manake mwenyewe unajijua. Ulikuja Malindi mtaani kwetu ukaketi na sisi chini ya mkilifi pale kwa mzee wa mtaa, tukakukaribisha kwa kahawa na haluwa, ukatuambia siku 90 tu, zikiisha siku 90 lile jaa halitachomwa tena. Mimi ni mama karanga, nakaanga samaki nauza, hesabu naijua. Hizo siku 90 zilipita zamani, saa hii tuko mwezi wa 14 tangu unywe ile kahawa.

Alhamisi iliyopita baada ya isha moto ukawashwa tena. Nani anawasha sijui, wengine wanasema ni vijana wanaochoma nyaya wapate shaba ya kuuza kwa kilo, wengine wanasema ni watu wa pale pale jaani wanapunguza rundo ili lori zipate pa kumwaga, na mimi nadhani ni wote hao kila mmoja na siku yake. Kusi ikivuma moshi unatujia sisi moja kwa moja, lakini usiku ule upepo ulikuwa umelala, na ukilala ndo mbaya zaidi mheshimiwa, manake moshi haupandi, unatambaa chini unaingia kwa chini ya mlango. Nililoweka kanga nikaziba ule mwanya, nikaziba na madirisha, tukabaki ndani na joto kama tumo kwenye tanuri na bado harufu ya plastiki inaingia.

Mwanangu ana miaka sita na ana pumu. Saa sita za usiku nikasikia kifua kinapiga filimbi, nikawasha taa ya simu nikamwona pale chini ya koo nyama inaingia ndani kila akivuta pumzi, na midomo imekuwa rangi ya jivu. Nikamfunga mgongoni kwa leso nikatoka mbio kutafuta tuktuk. Hospitali wakamwekea maski ya mvuke, mara ya kwanza haikusaidia, wakamwekea tena. Daktari akaniuliza, mama mnaishi karibu na nini? Nikamwambia. Akanyamaza kidogo, halafu akaniambia dawa nitampa, lakini ukimrudisha kwenye moshi ule ule tutaonana tena. Sasa mimi nimpeleke wapi? Nyumba ni ya marehemu mamangu, kodi ya kwengine sina.

Najua utasema nini kwa sababu mtu wa ofisi yako alishatujibu hivyo, ati hata sisi mama karanga tunachoma kuni. Ni kweli, nachoma, na moshi wa kuni pia unaua, sikatai, mimi mwenyewe kifua changu si kizima baada ya miaka 20 mbele ya karai. Nikipata gesi ya bei ninayoiweza kuni naacha leo. Lakini kuni zangu nazizima nikimaliza kukaanga. Jaani mna chupa za plastiki, mna matairi, mna betri za tochi, mna nepi, mna godoro, na vitu hivyo vikiungua kwa moto mdogo mdogo bila hewa ya kutosha vinatoa sumu ambazo kuni hazina, na lile vumbi laini la moshi halionekani kwa macho linashuka mpaka ndani kabisa ya mapafu na mengine yanaingia kwenye damu. Majuala, ile mifuko ya plastiki, yalipigwa marufuku Kenya nzima mwaka 2017 na tukashukuru, lakini njoo uone asubuhi yale majivu meusi yanavyodondoka juu ya kawa ninazofunikia samaki. Ukiyagusa hayapukutiki kama majivu ya kuni, yananata kidoleni. Mteja akiona hivyo anaenda zake. Na simlaumu.

Na moshi ni nusu ya habari, nusu nyengine iko kisimani.

Sisi hapa tumekaa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, na matumbawe yana matundu kama sifongo, ukimwaga maji juu hayakai, yanakwenda chini. Jaa lile halina sakafu, halina mtaro, halina chochote. Mvua ikinyesha maji yanapita kwenye taka yanatoka meusi kama chai ya mkandaa, yanazama, na visima vyetu haviko mbali. Masika hii nilivuta ndoo kisimani nikaona juu yake mafuta mafuta yana rangi kama upinde wa mvua, na harufu kama ya yai viza. Labda na vyoo vya shimo vinachangia, tumejenga vyoo karibu na visima hilo tulikubali hata kwenye mkutano, lakini vyoo havitoi mafuta. Tangu siku hiyo maji ya kisima ni ya kufulia tu, ya kunywa na kupikia nanunua mitungi kwa mzee wa mkokoteni, pesa ambayo ilikuwa ni ya faida yangu. Jirani hana hata hiyo, anachemsha yale yale, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini hakutoi sumu ya betri. Wanawe wawili waliharisha wiki nzima.

Siku ile ya mkilifi ulituambia pia uchafu mwingi unatoka Nairobi. Hilo nalijua, tena nalijua kuliko wengi, mto Nairobi unaingia Athi, Athi inakuwa Galana, Galana inakuwa Sabaki, na Sabaki inamwaga hapa juu yetu upande wa Mambrui. Kila mvua bahari yetu inageuka rangi ya matope na hifadhi ya bahari iliyotengwa tangu 1968 iko hapo hapo, na wavuvi wanarudi na nyavu zimejaa chupa. Hayo nenda ukawaulize wa Nairobi, na sisi tutakuunga mkono. Lakini Sabaki haipiti jikoni kwangu. Moto wa jaa haukutoka Nairobi.

Mpwa wangu anasoma chuo, alinisomea Katiba kwa simu. Kifungu cha 42 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi na ya afya. Cha 43 kinataja maji safi na salama. Na ile Jedwali la Nne linasema kuzoa taka, majaa, na kudhibiti uchafuzi wa hewa ni kazi ya kaunti. Kisha kuna sheria ya taka ya 2022 inayotaka taka zitenganishwe, na hapa kwetu lori likija linabeba magamba ya samaki, vigae na betri pamoja. Watu wa Owino Uhuru kule Mombasa sumu ya madini ya risasi iliingia kwenye damu ya watoto wao, wakahangaika miaka na miaka, mwaka 2020 mahakama ikaamua walipwe bilioni 1.3. Mimi sitaki bilioni mheshimiwa. Nataka mtoto alale.

Najua kuhamisha jaa kunataka ardhi na bajeti na vikao, haya, kaeni vikao. Visima vyetu njooni mvipime na majibu mtupe sisi, si mkayafungie ofisini. Lakini moto haungoji bajeti. Moto ule umeshaingia chini ya rundo, ukimwagia maji unazima juu tu, chini unaendelea kufuka, unatakiwa kufunikwa kwa udongo ukose hewa. Tingatinga ninyi mnalo, tuliliona likisawazisha uwanja kabla ya sherehe. Lori za udongo ziko. Askari mmoja wa zamu ya usiku anatosha kuzuia wachoma nyaya.

Sasa hivi naandika na kwa dirisha naona ule wekundu kule, haujazimika tangu Alhamisi. Ameanza kukohoa tena. Zimeni huo moto mheshimiwa, leo, kabla ya magharibi.

Mama karanga, Malindi