Kibodi ya njano siyo chafu, tuijue plastiki kwanza ndo tuongelee rangi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua, hili jambo limenikaa moyoni muda mrefu na kila nikinyamaza naona vitu vizuri vinazidi kuharibika. Mi ni mtu wa kibodi za zamani, nazifungua, nazisafisha, nazirudishia rangi yake, na mwenyewe akitaka rangi nyingine kabisa nambadilishia. Siku hizi watu wameamka, wanatoa stoo kibodi za miaka ya 1980 na 1990 wanataka zing'ae tena, na hilo ni jambo jema sana, ila wengi wanaanza moja kwa moja na kopo la rangi ya kupuliza au dawa ya kupausha nywele wakati hata hawajajua walichoshika mkononi ni plastiki gani. Hapo ndo penye tatizo lote.

Nianze na unjano wenyewe maana watu wanausugua kama uchafu. Unjano ule siyo uchafu. Makasha mengi ya kompyuta na kibodi za enzi zile yametengenezwa kwa plastiki inaitwa ABS, na ndani ya ABS kuna kiungo cha mpira mpira, butadiini, ambacho kikipigwa na mionzi ya UV ya jua, joto na oksijeni ya hewani kinabadilika taratibu mpaka uso wa plastiki unageuka njano na baadaye kahawia. Zile dawa za kuzuia moto zenye bromini walizokuwa wanachanganya kiwandani nazo zinalaumiwa sana kwenye hili. Ndo maana unakuta kasha upande mmoja njano, upande mwingine bado kijivu safi, na vilevile unakuta kibodi imekaa gizani ndani ya boksi lake miaka yote na bado imegeuka rangi, kwa sababu joto na hewa peke yake vinatosha kuifanya kazi hiyo polepole. Sasa ukichukua sandpaper au brashi ya chuma ukasugua, unachotoa ni ule mkwaruzo laini wa kiwandani, na huo haurudi.

Plastiki ya pili ni PBT. Hii ni ndugu wa poliesta, ngumu, haing'ai kirahisi hata vidole vikipita juu yake miaka na miaka, na haigeuki njano kama ABS. Kibodi ya IBM Model M iliyotoka 1985 vifuniko vyake vya batani ni PBT, ndo maana mpaka leo unaweza kuiokota ikiwa imejaa vumbi, ukaosha batani zake tu, zikatoka kama mpya. Ukitaka kuziona plastiki hizi mbili zikiwa pamoja chukua Apple Extended Keyboard II ya 1990, iangalie kwenye mwanga wa dirisha: batani za herufi bado zina ule weupe wake uliotulia, halafu batani ndefu ya nafasi hapo chini ni njano kabisa, utadhani imetolewa kwenye kibodi nyingine. Haijatolewa popote. PBT ikipoa kwenye muundo inasinyaa na kujikunja, kwa hiyo kwa batani ndefu viwanda vingi viliona bora watumie ABS, na miaka ilivyopita tofauti ikajitokeza yenyewe.

Kuzitambua siyo kazi ngumu. Chukua glasi ya maji, tia chumvi nyingi koroga mpaka igome kuyeyuka, dumbukiza kifuniko kimoja na hakikisha hakuna povu la hewa limejificha ndani yake. ABS inaelea, PBT inazama. Kwenye maji ya kawaida zote zinazama kwa hiyo chumvi usiifanyie ubahili. Njia nyingine ni asetoni kidogo sana kwenye ncha ya kijiti, gusa upande wa ndani wa kifuniko pasipoonekana, ABS itaanza kunata na PBT haitajali. Nasema upande wa ndani tu! Asetoni inayeyusha ABS, na kuna watu wanaifuta kibodi nzima kwa kitoa rangi ya kucha wakidhani ni spiriti.

Ukishajua plastiki, osha. Hii hatua watu wanairuka na mi naona ndo nusu ya kazi yenyewe. Piga picha kibodi nzima kabla hujagusa kitu, ng'oa batani kwa kile kikoleo cha waya siyo kwa bisibisi bapa, loweka kwenye maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, sugua na mswaki laini, suuza, zikaushe mpaka ndani kwenye kile kitundu cha katikati maana maji yanapenda kujificha pale. Nyingi za Model M zina batani ya vipande viwili, cha juu chenye herufi kinatoka chenyewe na cha chini kinabaki, kwa hiyo huna haja ya kutikisa springi kabisa. Chini ya batani utakuta nywele, makombo, vumbi lililogandana na mafuta ya vidole, vyote hivyo ndo viliifanya kibodi ionekane mzee. Nimeona wenye kibodi wakishangaa baada ya kuosha tu, mtu alikuja anataka dawa ya kupausha halafu anaondoka nayo hivyohivyo kwa furaha.

Haya, tuje kwenye dawa. Tangu 2008 imeenea njia inayoitwa Retr0bright, haidrojeni peroksaidi pamoja na mwanga wa UV, wengine wanatumia taa na wengine jua lenyewe. Wengi wanachukua ile krimu ya saluni ya asilimia 12, wanapaka, wanafunga na nailoni, wanaweka juani. Inafanya kazi, sibishi, nimeitumia na nitaendelea kuitumia pale inapostahili. Lakini angalia kinachotokea pale krimu imekauka sehemu moja na sehemu nyingine bado mbichi, au nailoni imejikunja ikashika kiputo cha hewa: unapata mabaka, michirizi meupe kama ramani, na michirizi hiyo haifutiki kwa kitambaa kwa sababu uso wa plastiki umeshapauka kwa viwango tofauti. Ndo maana mi napendelea kuzamisha kitu chote kwenye maji ya peroksaidi ndani ya chombo kinachopitisha mwanga, nikawa nageuza mara kwa mara, hata kama dawa ni hafifu na inachukua muda mrefu. Vaa glovu na miwani, usichanganye na dawa nyingine yoyote ya kusafishia, na chombo usikifunge kikabana maana peroksaidi inavyovunjika inatoa oksijeni na presha inapanda. Nembo na lebo zitoe kwanza, zinapauka nazo.

Kitu ambacho hawasemi kwenye video nyingi ni kwamba unjano unarudi. Siyo lazima urudi wote na siyo kwa kasi ileile, ila ile plastiki haikutengenezwa upya, umeipausha tu, na ukiirudisha dirishani itageuka tena. Kwa hiyo kama kibodi ina unjano mwepesi uliosambaa sawasawa mi ushauri wangu ni uiache. Ina umri wake na rangi yake imetulia. Ya kupausha ni ile yenye alama mbaya, upande huu mweupe upande ule kahawia, au ile batani ndefu ya nafasi niliyoisema inayopiga kelele katikati ya wenzake.

Sasa rangi ya kupuliza, hapa naomba niseme kwa uchungu. Kuna kibodi ililetwa kwangu, imepulizwa nyeupe yote, batani na kasha, bila kutolewa batani hata moja, halafu herufi zimeandikwa upya na kalamu ya maka. Rangi ilikuwa imeingia kwenye nafasi za batani zikagandana, A na S zinashuka pamoja, na juu ya batani zinazotumika sana rangi imeshatoka kwenye mviringo wa kidole, unaona ule ukijivu wa asili chini yake. Chini ya ile rangi kulikuwa na PBT nzima isiyo na kasoro! Ilikuwa inahitaji maji na sabuni. Mwenye kibodi alikuwa analia na mimi sikuwa na cha kumwambia, maana ukitaka kuitoa ile rangi unahitaji kimiminika kikali na kikali hicho kinaweza kula kasha ambalo lenyewe ni ABS. Rangi ya kupuliza inakaa juu ya plastiki, na kidole kinagusa palepale kila siku, haiwezi kudumu kwenye batani hata uipige praima na vanishi tabaka ngapi. Kwenye kasha sawa, vidole havishindi pale, ukiosha vizuri, ukapiga praima ya plastiki na tabaka nyembamba nyembamba inaweza kukaa vizuri, na bado ningeomba ufanye hivyo kwenye kasha lililokwishavunjika au kupasuka, siyo lile zima.

Anayetaka kubadilisha rangi ya batani kwa dhati, njia ipo na ni nzuri sana, ni kuzitia rangi kama inavyotiwa nguo. Nimeshasema PBT ni ndugu wa poliesta, basi rangi za kutia vitambaa vya poliesta, mfano Rit DyeMore, zinaingia ndani ya PBT yenyewe zikikutana na joto. Maji yanatakiwa yawe ya moto sana, nyuzi 80 mpaka 90 hivi, yasichemke kwa fujo, sufuria iwe ile ambayo haitarudi tena jikoni, na dirisha liwe wazi. Tia rangi, tia tone la sabuni ya vyombo ili ienee, halafu batani zote za seti moja ziingie kwa pamoja maana ukizigawa mafungu mawili hazitafanana hata ufanyeje. Koroga bila kuacha. Toa moja kila baada ya muda, isuuze, ifute, iangalie kwenye mwanga wa mchana siyo wa taa, kwa sababu ikiwa imeloa inaonekana imekolea kuliko ilivyo. Ule wakati batani ya kijivu iliyokufa inatoka kwenye maji ikiwa bluu ya usiku, na mkwaruzo wake wa kiwandani upo palepale haujafunikwa na kitu, mi bado unanifurahisha kila mara. Na hiyo rangi haibanduki, kucha haikwaruzi, maana imo ndani.

Ila ina masharti. Unaweza kwenda kwenye giza tu, hutoki kwenye kijivu ukaenda kwenye nyeupe. Herufi nyingi za PBT za zamani ni wino uliozamishwa kwa joto ndani ya plastiki, herufi nyeusi juu ya plastiki ya rangi ya mwanga, kwa hiyo ukitia rangi ya giza sana herufi zinamezwa na unabaki na batani tupu. Chagua nyekundu, kijani, bluu ya kati, herufi zitaonekana. ABS usithubutu kuiweka kwenye maji hayo, italegea na kujikunja na batani ndefu ndo ya kwanza kuharibika, hivyo kabla ya yote rudi kwenye glasi yako ya chumvi ukaipime peke yake hata kama zingine zote ni PBT. Na kama seti ni adimu, tafadhali, tafuta batani za kibodi nyingine iliyokufa ndo uzitie rangi hizo, zile za asili zifunge kwenye mfuko uandike zinatoka wapi.

Nikumbushe pia rangi siyo kibodi. Model M ina bamba la chuma limeshikwa na vichwa vidogo vya plastiki kwa nyuma, vinakatika kwa uzee, ukiitikisa unasikia vinacheza ndani kama mchanga, na batani zinapoteza ule mlio wake wa springi. Inabidi vile vichwa vikatwe vyote na kuwekwa skrubu na nati ndogo, kazi ndefu lakini inawezekana. Kibodi za Key Tronic za mwanzoni mwa miaka ya 1980, zile zilizofungwa kwenye Compaq Portable kwa mfano, zina vipande vya sifongo chini ya kila batani na sifongo hiyo inaoza ikawa unga, inabidi ibadilishwe yote. Mtu anatumia wiki nzima kung'arisha kasha halafu anachomeka hakuna herufi hata moja inayotoka. Jaribu kwanza inaandika au haiandiki, adapta za kwenda USB zipo hata kwa zile za ADB, yaani plagi ya kibodi za zamani za Apple, na zile za plagi kubwa ya duara.

Ndugu Mhariri, ukurasa wako wa teknolojia kila wiki una simu mpya na kompyuta mpya, sina ubaya nazo. Naomba safari moja muweke hata robo ukurasa kuhusu kutunza hizi za zamani, muweke na picha ya kile kifuniko kinachoelea na kile kinachozama, maana picha hiyo peke yake itaokoa kibodi nyingi kuliko barua yangu. Na msomaji mwenye kibodi ya njano kabatini, kopo la rangi liweke pembeni kwanza, chumvi si unayo.

Ni mimi msomaji wako,
Fundi wa kibodi za zamani