Kengele ya kanisa ikipasuka, msikimbilie kuichomelea

Wazee wa kanisa wakifika karakanani kwetu hapa Tabora, swali la kwanza huwa lile lile: "Fundi, mnaweza kuchomelea ufa wa kengele?" Mashine tunazo na kuchomelea ndiyo kazi inayotulisha. Lakini kengele ya shaba hatuichomelei, na tunawaomba msimruhusu mtu yeyote kuigusa kwa moto kabla hamjajua sababu.

Kengele nyingi za makanisa ya zamani ni mchanganyiko wa shaba na bati: katika kila kilo 10, karibu 8 ni shaba na 2 ni bati. Bati ndilo linaloipa sauti ya kwenda mbali, na ndilo linaloifanya iwe nyepesi kupasuka. Ukiipasha moto mahali pamoja, hapo panatanuka huku pembeni pamebaki baridi, na ufa wa urefu wa kidole unakuwa wa urefu wa kiganja. Wanaoweza kuziba ufa huo ni wachache duniani, kama wale wa Nördlingen, Ujerumani. Wao huipasha kengele nzima ndani ya tanuri, wakajaza ufa kwa mchanganyiko ule ule wa madini, kisha wakaiacha ipoe taratibu. Nauli tu ya kuifikisha huko ingemaliza akiba ya parokia.

Hata hivyo msikate tamaa. Big Ben ya London ilipasuka mwaka 1859, miezi michache tu baada ya kuanza kulia, na nyundo nzito ikalaumiwa. Hawakuiyeyusha upya. Waliigeuza ili igongwe upande mzima, wakafunga nyundo nyepesi zaidi, na mpaka leo inalia ikiwa na ufa wake. Nasi huanzia hapo hapo: kuangalia kama kengele yenu inaweza kugeuzwa. Mkisikia tu sauti imeanza kukwaruza, acheni kuipiga siku hiyo hiyo, kwa sababu kila pigo linaurefusha ufa.

Mara nyingi, lakini, mgonjwa si kengele yenyewe. Ni vile vinavyoibeba. Mchwa wamekula boriti, bolti zimelika kwa kutu, beringi hazijaona grisi miaka na miaka. Au ulimi, kile chuma kinachoning'inia ndani na kuigonga kengele, ulikatika, mtu akafunga kipande cha ekseli ya lori. Ulimi hutengenezwa kwa chuma laini makusudi, ili ulike wenyewe badala ya kuila kengele. Ekseli ni ngumu mno na inaweza kuipasua. Kengele yenye mdomo wa mita moja ina uzito wa kilo 600 hivi, na watoto wa kipaimara hupita chini yake kila wiki. Kwa hiyo shilingi ya kwanza ya mchango iende kwenye boriti na bolti, hata kama waumini wana hamu ya kusikia sauti kwanza.

Kuhusu kuiuza kwa wanunuzi wa chuma chakavu ili mnunue spika, msimamo wetu ni mmoja: msiuze. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadri Weupe, walikuwa wamefika Ujiji tangu 1879, na mizigo ya misafara ya wakati ule ilitoka pwani mabegani mwa wapagazi, wengi wao Wanyamwezi. Kama kengele yenu ilifika kabla ya reli, huenda ni babu zenu walioibeba. Pesa ya chakavu haiwezi kulipia hilo.

Namna ya kuchanga pia ina maana. Tumeona kamati zikitangaza jumla kubwa Jumapili moja, watu wakashtuka, na ahadi zikafia kwenye daftari. Sisi makadirio yetu huyachambua kifaa kwa kifaa, ufundi ukiwa peke yake. Hapo jumuiya moja inachukua bolti, WAWATA, akina mama Wakatoliki, wanachukua kamba na grisi, wanaparokia walioko Dar es Salaam wanachukua beringi. Bandikeni stakabadhi kwenye ubao wa matangazo kila kifaa kinaponunuliwa. Mtu akiona pesa yake imekuwa kitu, huchanga tena. Na ombeni ahadi baada ya mavuno, wakulima wa tumbaku wakishalipwa. Ni kiangazi pia, wakati ambao jukwaa la mirunda linasimama salama.

Wa kujitolea wanaokoa fedha nyingi wakipewa kazi inayowafaa. Vijana wabebe mirunda, mchanga na maji, na wasafishe kinyesi cha popo na njiwa mnarani, wakikilowesha kwanza na kufunika pua na mdomo, maana vumbi lake linadhuru mapafu. Nyuki waachiwe wafugaji. Mkoa wetu, wenye Chuo cha Nyuki, haukosi watu wa kuwahamisha bila kuwachoma. Mwenye subira aweke karatasi juu ya maandishi ya kengele na kuisugua kwa penseli, ili jina la kiwanda na mwaka vihifadhiwe ofisini. Ile rangi ya kijani msiisugue kwa msasa wala tindikali, kwani inailinda shaba. Kufungua bolti na kusimama chini ya kengele inaposhushwa kwa cheni bloku, hapana, hata kwa fundi seremala wa parokia.

Kabla hatujaja kukagua, tuleteeni picha za boriti, ulimi na mdomo wa kengele, kipimo cha mdomo kutoka ukingo hadi ukingo, na, kama bado haijapasuka, sauti yake iliyorekodiwa kwa simu. Ukaguzi hatuutozi ufundi, mnatulipia nauli tu. Kwa kazi ya kiangazi, ni vizuri tuzungumze kabla mvua hazijaisha, kwa sababu mbao za mninga za boriti zinahitaji muda wa kukauka.