Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Maadhimisho ya Siku ya Mara

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu, viongozi wa kijiji, wazazi wetu wavuvi na wakulima, wanafunzi wenzetu: itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa, karibu sana shuleni kwetu. Kila Septemba 15 Tanzania na Kenya huadhimisha Siku ya Mara, mto unaoanzia msitu wa Mau, Kenya, na kutiririka takribani kilomita 395 hadi Ziwa Viktoria. Leo tunaomba tumsemee mkazi wake mmoja, samaki aitwaye ningu.

Ningu hukulia ziwani. Mvua zikinyesha hupanda mito, akatafuta nyasi zilizofunikwa na mafuriko, akataga humo. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito wakati akienda kutaga zilimmaliza kwa kasi, na watafiti walikwisha kuandika habari hiyo miaka ya 1960. Lakini hata nyavu zote zikitolewa leo, ningu atahitaji mto wenye umbo lake.

Mheshimiwa, mto ukipinda, maji huchimba upande wa nje wa kona na kuacha mchanga upande wa ndani. Pale palipochimbika ndipo penye kina, na ndipo samaki hujihifadhi kiangazi. Pale penye mawe maji hurukaruka na kupata hewa. Mafuriko nayo hutandaza maji mbugani, makinda wakapata chakula na maficho. Tukichota mchanga ovyo na kulima hadi ukingoni, kingo humeguka, mashimo hujaa tope, mto ukawa mpana na wa kina kifupi. Tope hilo husafiri hadi kwenye mafunjo ya huku chini, na ardhi oevu yetu imetanuka sana tangu miaka ya 1970.

Tunaomba pia haki itendeke katika lawama za samaki kufa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 kutoka upande wa Kenya ulionyesha kwamba kinyesi cha viboko hutuama kwenye madimbwi yao na kumaliza hewa majini. Mafuriko yakiyasukuma maji hayo, samaki hufa. Kwa hiyo samaki wakielea, maji yapimwe kwanza ndipo atafutwe mkosaji.

Klabu yetu hupima kina na ung'avu wa maji, na hupanda mikuyu kando ya mto. Mizizi yake hushika udongo, kivuli chake hupoza maji. Mikaratusi hatuipandi kandokando ya mto, ingawa miche yake hupatikana kirahisi, kwa sababu hunywa maji mengi.

Changamoto zetu ni uhaba wa vifaa na mifugo inayokanyaga miche. Tunakuomba, Mheshimiwa, utusaidie haya: vigingi viwekwe kuonyesha eneo la mita 60 kutoka ukingo wa mto linalolindwa na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na wafugaji watengewe njia ya kunyweshea ili wasionekane wavamizi, uchimbaji mchanga kwenye kona za mto usimamishwe, wavuvi wakubaliane kutotega midomoni mwa mito msimu wa ningu kupanda, na wataalamu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI) na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Viktoria watufundishe kupima hewa iliyomo majini, tena watuachie kifaa.

Vipimo tulivyokwisha kuchukua viko kwenye daftari hili, ambalo katibu wetu atakukabidhi sasa.

Tunaomba kuwasilisha.