Mkataba umesainiwa, hati bado: kazi yetu katikati ya hapo

"Kaka, mkataba si nimeshasaini? Sasa kazi gani tena imebaki?"

Swali hili tunaulizwa mara kwa mara hapa ofisini Tegeta, Dar es Salaam, tunakotafutia watu viwanja na nyumba, na anayeuliza huwa hana kosa. Amezungushwa na madalali kuanzia Goba mpaka Bunju, amelipa fedha nyingi kuliko alizowahi kulipa kwa kitu chochote, wakili amegonga mhuri. Ana haki ya kuhisi amemaliza. Lakini kwa kiwanja au nyumba yenye hati, mkataba wa mauziano unakupa haki ya kumdai muuzaji akuhamishie milki. Mpaka Msajili wa Hati aandikishe uhamisho, kwenye daftari la serikali mwenye kiwanja ni yule yule wa jana. Kati ya siku hizo mbili hupita wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, na humo ndimo watu wanamoumia.

Tulijifunza hili kwa mteja wetu mwenyewe. Tukiwa bado wachanga kwenye kazi hii, tulimtafutia mama mmoja kiwanja Madale. Muuzaji alikuwa mzee mstaarabu, hati anayo, upekuzi, yaani kuangalia kwenye daftari la serikali kiwanja ni cha nani na kama kina rehani au zuio, umetoka safi. Mama akalipa bei yote siku ya kusaini, sisi tukachukua kamisheni yetu, tukaagana kwa furaha. Wiki tano baadaye mzee akafariki, na hakuwa amesaini fomu hata moja ya uhamisho. Ikabidi familia ikae kikao, mahakama iteue msimamizi wa mirathi, na msimamizi naye awaridhishe ndugu wasioelewana ndipo asaini. Mama alisubiri mwaka mmoja na nusu kwa kitu alichokwisha kukilipia. Hakutugombeza. Ila kila alipopita mlangoni kwetu kuuliza habari, tulijua kwamba tungeweza kumwepusha na yote hayo kwa kazi ya saa moja.

Ndiyo maana sasa, siku ya kusaini mkataba ndiyo siku ya kusaini na fomu za uhamisho: ile ya kuiarifu mamlaka ya ardhi kuhusu mauziano, ile ya kuomba kibali, na hati yenyewe ya uhamisho. Muuzaji anakuja na picha zake za pasipoti, nakala ya kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi na hati halisi. Vyote vinabaki kwa wakili, na mkataba unaeleza ni lini anaruhusiwa kuvitoa. Muuzaji naye analindwa, maana fomu haziendi popote kabla fedha yake haijafika kwenye hatua iliyokubaliwa.

Fedha yenyewe tunashauri isitoke yote kwa mkupuo. Sehemu inalipwa wakati wa kusaini, na kiasi cha maana kinabaki mpaka nyaraka za uhamisho zikamilike. Zote zipite benki. Wapo wauzaji wanaokasirika wakisikia hivyo, wakidhani hawaaminiwi. Tunakaa nao na kuwaeleza taratibu, kwa sababu muuzaji akishapokea kila kitu, simu yake huanza kupokelewa kwa shida. Si lazima awe tapeli. Amehamia Morogoro, ana shamba la kusimamia, na kurudi Dar es Salaam kwa ajili ya saini moja anaona ni nauli ya bure.

Kabla ya malipo ya mwisho tunafanya upekuzi kwa mara ya pili. Wateja wengi hushangaa: "Si mlishafanya?" Tulifanya, lakini ule ulionyesha hali ya siku ile. Katikati hapa benki inaweza kuandikisha rehani, au ndugu akaweka zuio kwa madai kwamba kiwanja ni cha urithi. Gharama ya upekuzi wa pili ni ndogo mno ukiilinganisha na unachokaribia kulipa. Sisi hatumruhusu mteja amalizie bei bila huo.

Halafu kuna jambo la mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake, hata kama hati ina jina la mmoja tu. Tunaomba ridhaa hiyo kwa maandishi, na mwenye kuitoa asaini mwenyewe mbele ya wakili. Muuzaji akituambia "mke wangu hana shida", tunafurahi kusikia, na bado tunaomba kuonana na mama. Akiwa na wake wawili, tunauliza kwa adabu ni yupi anaishi kwenye nyumba inayouzwa. Maswali haya tunaona haya kuyauliza, lakini ni bora yaulizwe sebuleni kuliko mahakamani.

Majina nayo yanachelewesha mafaili kuliko watu wanavyodhani. Hati ya mwaka 1988 ina majina mawili, kitambulisho cha NIDA kina matatu, na moja limeandikwa kwa "z" badala ya "s". Dirishani faili linarudishwa. Kinachohitajika huwa ni kiapo mbele ya wakili, au hati ya kubadili jina kama tofauti ni kubwa, na tukiligundua wiki ya kwanza linaisha haraka. Kwa hiyo kabla ya kupeleka chochote tunaweka hati, kitambulisho na mkataba mezani, tunasoma herufi kwa herufi.

Sasa kodi, maana hapa ndipo urafiki wa muuzaji na mnunuzi hupimwa. Anayeuza anadaiwa kodi ya ongezeko la mtaji, na TRA wanataka ilipwe kabla uhamisho haujaandikishwa. Chukua mfano wa mkazi aliyenunua kiwanja kwa milioni 20, ana mkataba wake wa zamani wa kununulia, na leo anauza kwa milioni 50. Faida ni milioni 30, na kodi kwa kiwango cha asilimia 10 ni milioni 3. Juu yake kuna ushuru wa stempu wa asilimia 1, ambao kwa bei hiyo ni laki 5, pamoja na ada za uthamini na usajili. Ikiwa mkataba haukusema nani analipa nini, hali huwa hivi: muuzaji ameshatumia fedha, faili limekwama TRA, na mnunuzi analipa kodi isiyo yake ili mambo yaende. Sisi tunaandika mgawanyo huo kwenye mkataba, na inapowezekana kiasi cha kodi kinakatwa kwenye malipo ya mwisho na kupelekwa moja kwa moja kwa kumbukumbu namba ya malipo.

Pango la ardhi, lile linalolipwa serikalini kila mwaka, pia. Deni la miaka sita nyuma halimfuati muuzaji anakokwenda, linabaki na kiwanja. Tunadai risiti mpaka ya mwaka huu.

Kuna ombi moja ambalo tunalikataa kila mara, hata kwa kiwanja kama kile cha milioni 50. "Tuandike milioni 15 kwenye mkataba ili kodi ipungue." Mthamini wa serikali anaangalia thamani ya soko, hivyo nafuu inayotegemewa mara nyingi haipatikani. Na mnunuzi anabaki na karatasi inayosema alilipa milioni 15. Mauziano yakivunjika akaenda kudai chake, atathibitishaje zile 35 nyingine? Tumepoteza wateja kwa msimamo huu. Tunauona ni sahihi.

Wakati faili linatembea kati ya halmashauri, TRA na ofisi ya ardhi ya mkoa, huwa hatukai tu kusubiri. Tunarudi kiwanjani na mpima ardhi kuhakikisha bikoni, yaani alama za mipaka, bado zipo na zinalingana na ramani iliyo kwenye hati, kwa sababu jirani akijenga uzio wakati wa mpito, mgogoro utaurithi wewe. Kama ni nyumba yenye wapangaji, tunawaeleza mapema nani atakuwa mwenye nyumba wao, na tunakubaliana kwa maandishi kodi waliyolipa ya miezi sita mbele ni ya nani. Siku ya kukabidhi tunaangalia mita ya LUKU kama ina deni, tunaomba bili ya maji ya mwisho, tunapiga picha kila chumba. Mpaka tangi la maji tunaliandika, kwa kuwa tumeshawahi kufika asubuhi na kukuta limeng'olewa.

Kila Ijumaa mteja anapata ujumbe kutoka kwetu: faili liko ofisi gani, linasubiri nini, nani anatakiwa kusaini. Hata wiki ambayo hakuna kilichosogea tunamwandikia hivyo hivyo. Mtu aliyeko Muscat au Mwanza, aliyetuma akiba yake ya miaka, akikaa wiki tatu bila habari anaanza kuamini ameibiwa, na hatumlaumu. Walioko nje tunawakumbusha pia hati ya uwakili, inayomruhusu mtu aliyeko hapa kusaini kwa niaba yao, ishughulikiwe mapema na kuthibitishwa ubalozini, maana hiyo peke yake inaweza kula mwezi.

Kamisheni yetu tunaigawa mara mbili. Nusu ya kwanza siku ya kusaini mkataba, nusu ya pili siku unapoishika hati yenye jina lako.

Na kama ulishasaini kupitia mtu mwingine, naye hapokei simu, bado njoo. Beba mkataba, risiti za benki, nakala ya hati na namba ya simu ya muuzaji. Tutaanza na upekuzi, tujue kiwanja kiko kwenye jina la nani leo.