Khurasan iliponyokea kwenye daftari la kodi

Ndugu Mhariri,

Makala ya ukurasa wenu wa Ijumaa ilisema Khurasan, jimbo la mashariki mwa Uajemi, iliwaponyoka Bani Umayya, ukoo wa makhalifa wa wakati huo, kwa sababu ya ugomvi wa makabila ya Kiarabu. Ugomvi ulikuwepo, sibishi. Lakini mimi nilikuwa karani wa kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa mwaka 2003, na nisomapo habari za Marw, mji mkuu wa jimbo hilo, macho yangu hutangulia kwenye daftari.

Miji mingi ya kule ilijisalimisha kwa majeshi ya Waarabu kwa mapatano ya kulipa kiasi maalumu. Wakusanyaji walikuwa madihkani, mamwinyi wa huko huko. Mtu akisilimu na kufutwa kwenye orodha, fungu lake alipe nani? Hapo ndipo kila gavana alipokwama.

Khalifa Umar bin Abdul-Aziz aliamuru anayeswali kuelekea kibla asitozwe jizya, kodi ya kichwa ya wasio Waislamu. Watu wakasilimu kwa wingi, na gavana wake, al-Jarrah, akashauriwa awapime kwa tohara. Mwanahistoria Tabari ametuhifadhia jibu la khalifa: Mungu alimtuma Muhammad awe mlinganiaji, hakumtuma awe ngariba. Sikuwahi kupokea waraka mtamu kama huo kazini!

Mnamo 728 gavana Ashras akatoa ahadi ile ile Samarkand. Makusanyo yalipoporomoka, akaagiza wanaosamehewa wawe wametahiriwa na wajue kusoma sura ya Kurani. Madihkani wakamwendea: tumtoze nani, na watu wote wamekuwa Waarabu, yaani wamesilimu? Akawajibu wawatoze wale wale wa zamani. Wasughdi, wenyeji wa upande wa Samarkand, wakaasi, wakawaita Waturuki wawasaidie.

Aliyelifungua daftari lenyewe ni Nasr bin Sayyar, aliyeshika ugavana mwaka 738. Alitangaza marekebisho mimbarini Marw, na kabla ya Ijumaa iliyofuata ikabainika kwamba Waislamu 30,000 walikuwa wakilipa jizya, na wasio Waislamu 80,000 wamesamehewa. Mkubwa wa Wamajusi, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi, Bahramsis, alikuwa akiwakinga watu wake na kuwabebesha wengine. Mchezo huo karani yeyote anaujua; orodha humfuata anayeishika kalamu. Nasr akairekebisha, ila miaka tisa tu baadaye Abu Muslim, kiongozi wa uasi wa Bani Abbas, aliinua bendera nyeusi karibu na Marw ile ile, na mwaka 748 Nasr akaukimbia mji.

Mwandishi wenu akiendelea na mfululizo wake, namwomba asiwaruke tena madihkani.

Karani mstaafu,
Tanga